Kufufua mtaa kwa ubia: gaweni viti kabla ya kuchora ramani

Mtaa uliochakaa haukosi watu wenye mipango. Manispaa ina ramani, mfadhili ana andiko, mkandarasi ana makadirio yake. Kinachokosekana mara nyingi ni makubaliano ya nani anaamua nini, na huko ndiko ninakoanzia.

Hatua ya 1. Zungukeni mtaa pamoja na wakazi, mchana kisha usiku. Orodhesheni viwanja vilivyotelekezwa, taa zilizokufa, mitaro iliyoziba, na kando ya kila kimoja muandike anayewajibika nacho. Msisahau vilivyo hai: mafundi, vikundi vya kuweka na kukopa, ukumbi wa nyumba ya ibada.

Hatua ya 2. Gaweni viti vya kamati. Hapa msiwe na haraka. Mwaka 1985, wakazi wa eneo la Dudley Street mjini Boston, Marekani, waliletewa pendekezo la bodi iliyowapa wao viti vichache tu. Walilipinga mkutanoni, likarekebishwa mpaka wakazi wakawa wengi kwenye bodi. Andikeni hivyo kwenye katiba ya ubia: viti vingi ni vya wakazi, wapangaji wakiwemo, na akidi haitimii bila wao. (Je, mwenye nyumba asiyeishi mtaani ni mkazi? Mimi nasema hapana. Ubishi wake ni mrefu, umalizeni mapema.)

Hatua ya 3. Chagueni jambo dogo linaloonekana, kama kuondoa jalala haramu. Dudley nao walianzia kwenye taka. Watu wakiona, mahudhurio hupanda.

Hatua ya 4. Gawaneni kazi kwa mpaka unaoweza kuuonyesha kwa kidole. Huko Orangi, Karachi, Pakistan, mradi ulioanzishwa na Akhtar Hameed Khan mwaka 1980 uliwaachia wakazi wa kila kichochoro kulipia na kujenga vyoo vyao na bomba la majitaka la kichochoro. Mabomba makuu yakawa ya serikali. Kikundi kilikuwa cha nyumba 20 hadi 30 hivi, na majirani wanaojuana hudaiana michango bila kuhitaji karani. Neno "tutashirikiana" peke yake kwenye mkataba halimfungi mtu. Andikeni nani analipa, nani anajenga, nani anazibua mwaka wa pili.

Hatua ya 5. Lindeni ardhi kabla ya kupendezesha. Mtaa ukipendeza kodi ya nyumba hupanda, na waliochimba mtaro ndio huhama. Njia mojawapo ni dhamana ya ardhi ya jamii, yaani chombo kinachoshika ardhi kwa niaba ya jamii: ardhi inabaki mali ya chombo hicho, mkazi anamiliki nyumba na kukodi kiwanja kwa muda mrefu, na bei ya kuiuza nyumba ina kikomo. Dudley, mwaka 1988, walipewa hata mamlaka ya kutwaa viwanja vitupu kwa fidia. Kwenu huenda sheria haifiki huko. Muoneni mwanasheria wa ardhi kabla mkandarasi hajaingia.

Hatua ya 6. Fedha: akaunti moja, watia saini watatu, wawili wakiwa wakazi, na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi. Mfadhili asiyekubali hilo, mshukuruni, mtafute mwingine.