Kwenda kula vipapatio mkiwa kundi kubwa: jinsi ya kupanga ili kila mtu ashibe

Mkiwa watu 12 au zaidi msitokee tu mlangoni mkitegemea mtapata meza, pigeni simu siku moja kabla, semeni mko wangapi na mnafika saa ngapi, na kama kuna mechi kubwa jioni hiyo basi wahini zaidi maana hizi sehemu watu wanakuja kuangalia TV. Kwenye simu hiyohiyo uliza kama wanakubali kugawa bili, na kama kundi kubwa linaongezewa ada ya huduma. Kuna sehemu ada inaingia yenyewe, usipojua mnaacha tipu mara mbili.

Sasa oda, hapa ndo watu wanaharibu. Kila mtu akiagiza kivyake jikoni wanapata sosi za kila aina kwa wakati mmoja, na vipapatio vinakaangwa kwa mafungu, kama dakika 10 hivi au zaidi kila fungu, wakijaza sana mafuta yanapoa na ngozi inatoka tepetepe badala ya kukauka vizuri. Wa kwanza kashamaliza, wa mwisho bado anachezea simu. Mchagueni mtu mmoja akusanye oda kwenye grupu la WhatsApp kabla hamjatoka, ahesabu vipande 8 hadi 10 kwa mtu kama ni vipapatio tu, 6 kama kuna na chipsi, aagize sahani kubwa za kula pamoja na sosi tatu basi: isiyowasha kabisa, ya kati na kali. Ile kali ije kwenye kibakuli pembeni. Tafadhali sana msimwagie sahani nzima, kuna watoto, kuna wenye vidonda vya tumbo, na mtu akikaa na njaa anawatazama mnakula huyo ni kama hamkumwalika.

Mwenye aleji aseme mapema. Ile sosi ya Buffalo, sosi ya pilipili ya kupakia vipapatio iliyotoka mji wa Buffalo kule New York, kwa kawaida ina siagi, na mafuta ya kukaangia mara nyingi yanapita na vitu vyenye unga wa ngano.

Pilipili ikimzidi mtu msimkimbizie maji, kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji, kinasambaa tu mdomoni, mpeni maziwa. Kile kipande bapa chenye mifupa miwili, kishike kwa ncha, zungusha mfupa mwembamba taratibu mpaka uchomoke, nyama yote inabaki mzima mzima. Ombeni mabakuli ya mifupa na tishu za maji kabla chakula hakijafika, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa macho au kumbeba mtoto.

Hela ya chakula ikusanywe kabla ya kuagiza, vinywaji kila mtu ajilipie, maana asiyekunywa pombe mkimgawia sawa na waliokunywa atalipa kimya kimya na safari ijayo hamumwoni. Na kama ada haikuwemo kwenye bili muachieni mhudumu kitu cha maana, kahudumia meza ya watu 12 peke yake.