Hita ya mionzi: rudi ukaze skrubu za waya
Hita ya kilowati 3 kwenye volti 230 huvuta ampea 13 mfululizo. Mara nyingi panapoanza kuungua si kwenye elementi (sehemu inayotoa joto), ni pale waya unapofungwa kwa skrubu: shaba hutanuka ikipata moto, husinyaa ikipoa, skrubu inalegea, plastiki inageuka kahawia. Kwa hiyo baada ya siku chache za kwanza, zima swichi kuu, ipige kufuli, pima kwa testa kuhakikisha hakuna umeme, subiri hita ipoe, ndipo ukaze tena. Waya unaoingia kwenye hita uwe na ganda la silikoni. Ganda la kawaida la plastiki ya PVC ni la nyuzi joto 70 tu, humo litakakamaa na kupasuka. Na mrija wa kwatzi (kioo kinachostahimili joto kali) usiushike kwa vidole vitupu, jasho la vidole huharibu kioo kikishapata moto.