Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupakua Faili Kubwa kwa Mstari wa Amri katika Linux

Kabla ya jambo jingine lolote, hakikisha kwamba seva inakubali kuendeleza faili lililokatikia njiani, kwa sababu isipokubali, kila mtandao utakapokatika utalazimika kuanza upya. Amri ya `curl -IL "anwani"` huleta vichwa vya jibu tu, yaani maelezo mafupi ambayo seva hutanguliza kuhusu faili, bila kupakua faili lenyewe. Ukiona humo `Accept-Ranges: bytes`, seva inatangaza kwamba inaweza kutuma kipande cha faili kuanzia pale ulipoishia, na `Content-Length` hukuonyesha ukubwa wake kwa baiti. Anwani na ifungwe ndani ya alama za nukuu daima, maana alama ya `&`, iliyomo katika viungo vingi, huchukuliwa na sheli (programu inayosoma amri unazoandika) kuwa ndio mwisho wa amri, na maneno yanayoifuata hayafiki kwenye seva.

Ukishajua ukubwa, tazama nafasi kwa `df -h` ukitaja saraka ileile utakayohifadhia, kwani saraka mbili za kompyuta moja zinaweza kuwa kwenye diski tofauti. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi, hata ikiwa tupu kabisa.

Kwa mtandao unaoyumba mimi huchagua wget. Kwa kawaida programu hii hujaribu hadi mara 20, lakini data ikiacha kuja hungoja sekunde 900 ndipo ijaribu tena, na muda huo ni mrefu mno. Amri ya `wget -c --timeout=30 --tries=0 "anwani"` hupunguza kungoja hadi sekunde 30, huondoa kikomo cha majaribio, na huendeleza faili lililobaki nusu. Hata hivyo, `-c` haichunguzi kilichomo ndani ya nusu hiyo: iwapo faili kwenye seva limebadilishwa na kuwa kubwa zaidi, mkia wa toleo jipya utaunganishwa na kichwa cha toleo la zamani.

Anayependelea curl akumbuke kwamba haijaribu tena wala haifuati anwani iliyohamishwa mpaka iagizwe, na kwamba bila `-f` huhifadhi hata ukurasa wa kosa la 404 kana kwamba ndio faili lililoombwa. Amri inayofaa ni `curl -fL --retry 10 -C - -O "anwani"`. Kama unafanya kazi kwenye mashine ya mbali kupitia SSH, yaani muunganisho salama wa mstari wa amri, fungua kwanza tmux, programu inayoendeleza kikao hata muunganisho ukikatika, kwa kuwa bila hiyo, kikao cha SSH kikikatika amri iliyomo inaweza kufa pamoja nacho.

Mwisho, tafuta mapema hashi ya SHA-256 (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili) iliyotangazwa na wenye faili, mara nyingi katika orodha iitwayo `SHA256SUMS`, na uichukue kwenye tovuti yao rasmi ya HTTPS badala ya kwenye seva ya nakala, yaani seva nyingine inayohifadhi nakala za faili hizo, kwani aliyeweza kubadilisha faili pale ataweza kubadilisha na hashi iliyo kando yake. Upakuaji ukikamilika, `sha256sum -c --ignore-missing SHA256SUMS` italinganisha faili lako na orodha hiyo. Jibu likiwa `FAILED`, lifute faili lote na uanze upya. Kurudia `wget -c` hakutalirekebisha, kwa sababu faili likishatimiza ukubwa wake wget huona hakuna kilichobaki cha kupakua.