Kabla ya kununua mashine ya kuongeza unyevu hapa Tanga

Sisi tunaoishi Tanga, iwe Raskazone kando ya bahari au Ngamiani, tuna hewa yenye unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na ndiyo maana viatu vya ngozi vikisahauliwa kabatini huota ukungu. Kwa hiyo, kabla ya kununua mashine ya kuongeza unyevu, nunua kwanza kipima unyevu kidogo, ukiweke chumbani kwa siku kadhaa, usiku na mchana. Kikionyesha zaidi ya asilimia 50, fedha yako na ibaki mfukoni.

Anayeweza kuihitaji ni yule anayelala na kiyoyozi usiku kucha, kwa sababu kiyoyozi huvuta unyevu wa chumba (yale maji yanayodondoka nje ya dirisha ndiyo ushahidi) naye huamka koo limemkauka. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kupandisha kiyoyozi hadi nyuzi 26 na kuwasha feni ni dawa iliyo rahisi zaidi.

Ukiamua kununua, chagua yenye tangi la mdomo mpana unaopitisha mkono, kwani tangi lisilosuguliwa huzalisha bakteria na kuvu, na mashine huvirusha katika hewa unayovuta. Zile zinazotoa ukungu baridi kwa mtetemo hurusha pia madini ya majini, yanayotua mezani kama vumbi jeupe, hivyo usitie maji ya kisima yenye chumvi; kuyachemsha huua vijidudu tu, madini hubaki. Maji yaliyosalia yamwagwe kila siku.