Chemshabongo ya wikendi ikikugomea: pa kuanzia na pa kubanana nayo

Chemshabongo ya katikati ya wiki hukuuliza unajua nini. Ya wikendi hukuuliza jambo hilohilo kwa kuzunguka, maana mtungaji anajua una nafasi ya kukaa nayo. Yako magazeti yanayolipanga hili waziwazi: katika New York Times, ya Jumatatu ndiyo nyepesi, ugumu unapanda siku hadi siku, na ya Jumamosi ndiyo kiboko. Ya Jumapili ni kubwa, visanduku 21 kwa 21 badala ya 15 kwa 15, lakini ukubwa si ugumu. Watu wengi huiogopa bure. Uingereza nako, Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alianza mwaka 1926 kuwatungia wasomaji wa Observer, gazeti la Jumapili, na vidokezo vyake havikuwa na huruma hata kidogo.

Hapa ninazungumza na anayejaza chemshabongo za Kiswahili. Wengi wakikwama huanza kujilaumu kwamba hawana msamiati. Mara nyingi msamiati wanao. Wanachokosa ni kuliangalia neno kwa umbo lake kabla ya kulitafuta kwa maana yake, na Kiswahili kina maumbo ambayo mtungaji, awe mjanja namna gani, hana pa kuyakwepea.

Hatua ya 1: Pita mara moja, okota vya bure

Soma vidokezo vyote, Mlalo na Wima, bila kusimama. Jaza kile tu ambacho ungekiapia. Hakuna sheria inayosema uanze na 1 Mlalo, na mtungaji wa wikendi hupenda kuweka kisiki hapohapo mlangoni ili ukate tamaa mapema.

Vya bure ni hasa methali zilizoachwa pengo. "Haba na haba hujaza ____ (6)" ni KIBABA, huhitaji kufikiri; namba ya mabano ni idadi ya herufi za jibu. "Mchumia juani hulia ____ (8)" ni KIVULINI. Kila ukipata jibu la namna hiyo karibu na katikati, umepata herufi za kuanzia majibu mengine manne au matano, kwa hiyo katikati ni bora kuliko pembeni.

Tumia penseli. Herufi ya uhakika iandike kubwa, ya kubahatisha iandike ndogo kwenye kona ya kisanduku. Na kumbuka kwamba kwa kawaida ile alama ya ng' haipewi kisanduku chake: NG'OMBE huingia kwenye visanduku sita.

Hatua ya 2: Soma sarufi ya kidokezo kabla ya maana yake

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wajazaji wengi wanaporuka.

Kidokezo na jibu huenda pamoja kisarufi. Kidokezo kikianza na kitenzi cha "ku-", kama "Kupumzisha mwili", jibu nalo litaanza na KU. Andika K na U hata kama hujui lolote zaidi. Kikisema "Alifika", tazamia A mwanzoni. Kikikanusha wakati uliopo, kwa mfano "Hahitaji (6)", unapata vitu viwili kwa mpigo: HA mwanzoni, na mwishoni karibu kila mara I badala ya A. Jibu ni HATAKI, lakini hata kabla ya kulijua ulikwisha kujaza nusu.

Kidokezo kinachotaja mahali, "alipo samaki", "wanaposwali", kinanusa -NI mwishoni: BAHARINI, MSIKITINI. Si lazima iwe hivyo, ila ziandike kwa herufi ndogo uone kama majibu yanayokatiza yanazikubali.

Wingi ni mjanja zaidi. Kidokezo cha wingi kikihusu watu, jibu mara nyingi huanza na WA au MA: WAKULIMA, MADAKTARI. Tazama kisanduku cha pili: kote ni A. Kwa hiyo iandike A hapo kwa wepesi na uache cha kwanza wazi. Wanaoharibu mambo ni VIJANA na VIONGOZI, pamoja na WEZI, kwa hiyo usiikandamize penseli. Kidokezo kikihusu vitu, usitegemee sana wingi wake. "Vyombo vya majini (4)" kinaweza kuwa MELI, ambayo haibadiliki iwe moja au mia.

Kisha angalia kauli ya kitenzi. "Tendwa" huishia na WA. "Tendana" huishia na NA. "Fanya mtu atende" huelekea SHA au ZA. "Tendea mwingine" huelekea IA au EA, na hii ya mwisho ina siri nitakayoieleza hatua ya 4.

Hatua ya 3: Jaza irabu kabla ya maneno

Kisanduku cha mwisho cha karibu kila jibu ni irabu, na kikiwa cha kitenzi, jaribu A kwanza. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu ndivyo huishia na irabu nyingine: FIKIRI, JIBU, SAMEHE. Jibu likikataa kabisa kuishia na irabu, shuku jina la nchi, la mtu au la mji, mfano IRAN.

C haitembei peke yake. Ukiipata, andika H mbele yake papo hapo. Ukipata H kwanza na una hakika nyuma yake kuna konsonanti, basi ni C, D, G, S au T, mara chache K, na mwanzoni mwa neno inaweza kuwa M kama MHARIRI. Q na X zisahau. B iliyotanguliwa na konsonanti ndani ya neno karibu daima imetanguliwa na M: SIMBA, AMBIA, PEMBE. Maneno ya kukopa huvunja adabu hizi, ALHAMISI na ALBAMU kwa mfano, ila hayo huyaona kwa sababu yanaonekana mageni hata yakiwa nusu.

Hatua ya 4: Mfano mmoja, polepole

Tuseme 12 Mlalo inasema: "Kuwa macho ya asiyejua herufi (7)". Ukianza na maana utahangaika: mlinzi? miwani? fimbo?

Anza na umbo. Kidokezo ni kitenzi cha "ku-", kwa hiyo:

K U _ _ _ _ A

Wima inayopita kwenye kisanduku cha sita inasema: "Pembetatu inazo tatu, ndovu anazo mbili (5)". Ni PEMBE, na E yake ya mwisho ndiyo inayoangukia kwetu:

K U _ _ _ E A

Sasa ile siri. Vitenzi vya Kibantu vinavyoishia EA badala ya IA hufuata irabu iliyo kwenye mzizi. Mzizi wenye A, I au U huchukua IA: KATIA, PIKIA, FUNGIA. Wenye E au O huchukua EA: LETEA, SOMEA. Kwa hiyo, kama kisanduku cha nne ndicho chenye irabu ya mzizi, hapo ni E au O. KUKATIA, KUPIKIA na ukoo wao wote wametoka mchezoni, na bado hatujaijadili maana hata kidogo. Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwa ISHA na ESHA, na kwa IKA na EKA.

Wima inayopita kisanduku cha nne: "Hupiga usiku na mchana bila mkono (4)". MOYO. Inatuachia O.

K U _ O _ E A

Hapa ndipo wengi hushangilia mapema. Hesabu wanaotoshea: KUTOKEA, KUPOTEA, KUPOKEA, KUKOSEA, KUGOMEA, KUSOMEA. Umbo limefukuza umati, sasa irudie maana: kuwa macho ya asiyejua herufi. Asiyejua herufi ana barua mkononi, wewe unamsomea. KUSOMEA.

Angalia mpangilio. Maana imekuja mwisho, kuchagua kati ya wachache. Ukiiita mwanzo, inachagua kati ya kamusi nzima.

Hatua ya 5: Jua umetegewa mtego gani

Kidokezo cha wikendi kikisomeka kama upuuzi, furahi, kwa kuwa upuuzi ni dalili ya mtego, na mitego yenyewe si mingi.

Unaopendwa zaidi ni wa maana mbili. "Hitaji uchafu (4)". Hakuna mtu anayehitaji uchafu. Kata sentensi katikati: hitaji, kisha uchafu. Neno moja lenye maana zote mbili ni TAKA. "Toa nguo, toa samaki (3)" ni VUA. "Anayekwenda upande ameketi (3)" ni KAA. "Ruka juu ya nyumba (3)" ni PAA, na mtungaji mwingine angeweza kulijia neno hilohilo kwa njia ya mnyama wa porini. Kiswahili kimejaa maneno ya namna hii, hasa ya herufi tatu na nne, na ndiyo maana majibu mafupi ya wikendi huwa magumu kuliko marefu. Kwenye neno refu, viambishi hukusaidia. Kwenye PAA hakuna cha kushika.

Wa pili ni herufi zilizovurugwa. Tafuta neno la fujo: vuruga, changanya, vunja, vibaya, lewa. "Vuruga mila upate utajiri (4)": herufi za MILA zikipangwa upya zinatoa MALI. Lakini herufi hizo nne zinatoa pia LIMA, LAMI na IMLA, kwa hiyo usijaze kabla ya kutazama nusu ya pili ya kidokezo. "Lima vibaya, uandike unachosikia" ingekuwa IMLA. Ninawaheshimu watungaji wanaolitumia kundi hili, wanajua wanachokifanya.

Wa tatu ni neno lililofichwa ndani ya mengine. "Sadaka ngapi humficha ndege? (5)" haina uhusiano wowote na sadaka. Ondoa nafasi kati ya maneno mawili ya kwanza, soma herufi zikifuatana, na KANGA anachungulia: sadaKA NGApi. Ukiona "ficha", "ndani ya", "sehemu ya" au "tumboni mwa", pitisha kidole kwenye herufi za kidokezo chenyewe kabla ya kutafuta mbali.

Kugeuza neno ni nadra katika lugha yetu, kwa sababu maneno huishia na irabu, na neno likigeuzwa lazima lianze na irabu hiyo. Hutokea kwa mafupi tu: "Ua likigeuzwa, chagua jingine (2)" ni AU.

Hatua ya 6: Kona iliyogoma

Itafika mahali robo tatu imejaa na kona moja haisogei. Usizidi kuvikodolea macho vidokezo usivyoviweza. Kagua ulivyovijaza. Tafuta kwenye kona hiyo jibu ambalo halijathibitishwa na jingine linalolikatiza, yaani uliliandika kwa kuwa lilitosha tu visanduku. Lifute. Ndilo mara nyingi linaloziba njia, na linaziba kwa nguvu zaidi kadiri unavyolipenda.

Likishafutwa na bado pamegoma, weka karatasi kando ufanye jambo jingine. Ukirudi utakisoma kidokezo kwa mkato tofauti, na mkato ndio ulioficha jibu.

Kamusi naona ni halali kwa kuhakikisha, si kwa kuvua. Una K U _ O _ E A na unadhani neno fulani lipo? Angalia kama lipo. Kupitisha kidole ukurasa mzima wa herufi P ukitafuta kinachotoshea ni kujinyima ile raha uliyoifuata. Kumuuliza aliye karibu, kwa upande mwingine, sioni ubaya wake. Yeye hajakikodolea kidokezo asubuhi nzima, na kosa lako la mkato hajaliambukizwa.

Majibu yakitoka, usitazame tu yale uliyoyakosa ukafunga. Chukua jibu, rudi kwenye kidokezo chake, na useme kwa sauti kila neno la kidokezo lilifanya kazi gani: lipi lilikuwa maana, lipi lilikuwa mtego, lipi liliwekwa kukupoteza. Kikibaki na neno lisilo na kazi, kosa ni la mtungaji, na una haki ya kunung'unika.