Sanamu za Mkunazini: namna ya kuzitazama

Wengi wakifika kwenye kiwanja cha Kanisa la Anglikana, Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, palipokuwa na soko la watumwa, hukimbilia vyumba vya chini ya ardhi, hupiga picha mbili za sanamu za watumwa, wakaondoka. Sanamu zenyewe zinataka nusu saa kamili.

Nenda saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini, macho ya sanamu yakazama kwenye kivuli cha paji, na nyuso zote zikaonekana sawa. Jumapili asubuhi kuna ibada, basi chagua siku nyingine. Kutoka soko la Darajani ni dakika chache kwa miguu: vuka barabara, ingia Mkunazini, ufuate mnara. Funika mabega na magoti. Mkaazi achukue kitambulisho, aulize bei ya wenyeji kabla hajakatiwa tiketi.

Anza na maonyesho ya historia ya utumwa, maana hapo ndipo utaelewa misafara ya watumwa ilitoka wapi na vipi soko lilifungwa mwaka 1873 zama za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Vyumba vya chini vina dari fupi. Mwenye goti au mgongo mbovu aviache. Watembezaji husema watumwa walifungiwa humo, lakini wapo wanahistoria wanaoona vilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa. Mwulize anayekutembeza, umsikie atajibu nini.

Sasa sanamu. Ni kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, ya mwaka 1998: watu watano wa zege ndani ya shimo, mnyororo shingoni, na mnyororo huo husemwa kuwa ni wa enzi ya biashara ya watumwa yenyewe. Kwanza simama wima ukingoni. Unawatazama kutoka juu, na hapo umeshika nafasi ya mnunuzi. Mashujaa huinuliwa juu ya jukwaa. Hawa wamezamishwa makusudi, na anayetazama akiwa amesimama tu hukosa nusu ya kazi. Kwa hiyo zunguka pande zote, kisha chuchumaa. Macho yako yakikaribia usawa wa yao, kila uso unakuwa wa mtu wake. Fuata mnyororo kwa macho, shingo hadi shingo, uone unavyowafunga pamoja watu ambao hawatazamani.

Usishuke shimoni wala usimning'inize mtoto ukingoni. Selfi ya kuchekacheka hapa ni utovu wa adabu, hata kama hakuna wa kukukataza.

Picha ipige ukiwa umechuchumaa, na uguse uso wa sanamu kwenye skrini ili simu ipime mwanga hapo. Ukiiachia simu ijiamulie, hupima anga, na nyuso zinatoka nyeusi tii.

Kanisa limalizie. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe, mahali panapotajwa kuwa pa mti wa kuchapia watumwa. Msalaba wa mbao umetokana na mti wa Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyepinga biashara ya watumwa. Nguzo zilizosimamishwa kichwa chini ziko upande wa nyuma, penye ubatizo, zitazame unapotoka.