Love cake ya Sri Lanka inataka moto mdogo

Jamani mnaotaka kujaribu love cake, ile keki ya Krismasi ya Sri Lanka yenye suji, korosho, asali, iliki na kungumanga, moto uwe mdogo, nyuzi 150 hivi, na trei itandikeni karatasi mbili tatu chini na pembeni maana asali na sukari zinawahi kuungua kabla katikati hapajaiva. Suji ikaange kavu kidogo, ichanganye na siagi ikiwa bado ya moto iinywe vizuri. Korosho katakata kwa kisu, blenda inazitoa mafuta. Ute wa mayai piga peke yake uingize mwisho, taratibu kabisa. Ukichoma kijiti kikatoka na unyevunyevu usiirudishe kwenye oveni, ndani inatakiwa iwe hivyohivyo, na kesho yake ndo inanoga zaidi.